Kanda la Usufi

Wahenga wa pwani walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Autazamaye mzigo juu ya kichwa cha mwingine huuona mwepesi, kwa kuwa shingo inayouma si yake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkanya mtu asiyejali dhiki ya jirani. Lakini yafaa pia kuwa mizani ya kupimia kazi ya mwandishi, na hasa mwandishi wa namna moja: yule aliyekwenda vitani, akarudi hai, kisha akashika kalamu na kuyageuza aliyoyaona kuwa shairi na riwaya. Mtu huyo ana haki gani juu ya mateso yasiyokuwa yake? Na akishayatumia, anadaiwa nini, na ni nani wa kumdai?

Swali hili limeulizwa katika nchi nyingi, na majibu yake hutegemea mahali anaposimama muulizaji. Akisimama London ataona vitabu. Akisimama Tunduma ataona barabara.

Mji wa Tunduma uko mpakani hasa mwa Tanzania na Zambia. Ukivuka tu, uko Nakonde. Tangu mwaka 2016 mji huo umo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya na kufanya makao makuu yake Vwawa. Msafiri wa leo huujua kwa misururu ya malori na kwa reli ya TAZARA. Lakini mpaka ni mkongwe kuliko mji. Ulichorwa Ulaya, katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, ukapitishwa kwa namna ambayo njia iliyoitwa ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ibaki mikononi mwa Waingereza. Wanyamwanga, wenyeji wa hapo, hawakuulizwa. Walilala watu wamoja, wakaamka raia wa falme mbili.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, mstari huo ukawaka moto. Septemba 1914 Wajerumani waliuvuka mto Songwe kuiendea Karonga, na mwezi huohuo wakaishambulia Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliuvuka mpaka kwa vikosi vinne, kimoja kikitokea Fife, kituo kilichokuwa jirani na hapo ilipo Tunduma. Na mapema Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck, akiwa amezunguka Msumbiji na kurudi, alipita njia hiyo, akaipiga Fife asiiweze, akashika njia ya Kasama. Habari ya kusimamishwa kwa vita ilimkuta karibu na mto Chambeshi, siku chache baada ya mizinga ya Ulaya kunyamaza. Tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha chini huko Abercorn. Kwa hiyo watu wa kandokando ya Songwe waliviona vita vile tangu mwanzo wake, na walikuwa jirani vilipokata roho.

Mshairi wa kisa hiki, hata hivyo, hakufika Tunduma. Alipita Pangani.

Jina lake lilikuwa Francis Brett Young. Alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Halesowen, Uingereza ya kati, akasomea udaktari Birmingham, akawa tabibu wa meli na kisha tabibu wa mji mdogo wa bandari. Riwaya yake ya kwanza, aliyoiandika pamoja na nduguye, ilitoka mwaka 1913. Vita vilipopamba moto aliingia katika kikosi cha madaktari wa jeshi, akaletwa Afrika ya Mashariki mwaka 1916 kuwatibu askari wa Kikosi cha Pili cha Rhodesia. Chini ya Jenerali Smuts, kikosi hicho kilishuka na mto Pangani mwezi Mei, kikiwafukuza Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma bila kukubali kushikwa. Msomaji na aziweke tarehe hizi pamoja: katika wiki zilezile za Mei ambazo daktari alikuwa akitembea kando ya Pangani, watu wa upande wa Fife walikuwa wakisikia milio ya bunduki za Northey. Vita vilikuwa kimoja, na kati ya ncha zake mbili palikuwa na nchi nzima.

Maradhi yalimwangusha. Malaria haikumbagua mganga na mgonjwa, na kikosi chake chenyewe kilipukutishwa na homa na kuhara hata kikaondolewa katika vita vya Afrika ya Mashariki mwaka 1917. Brett Young alirudishwa kwao, na afya yake haikumruhusu kuurudia udaktari. Ndipo kalamu ikawa riziki yake. Mwaka 1917 alitoa kitabu cha safari ile ya kijeshi, Marching on Tanga, na katika mwaka huohuo diwani aliyoiita Five Degrees South, yaani nyuzi tano kusini ya Ikweta, ambazo ndizo nyuzi za Tanga. Mwaka 1918 ikafuata riwaya, The Crescent Moon, na mwaka 1930 riwaya nyingine kubwa, Jim Redlake, ambamo vita vya Afrika ya Mashariki vinarudi tena. Kati ya hizo aliandika vitabu vingi vya maisha ya Waingereza, akapata tuzo na wasomaji wengi. Alifariki Cape Town mwaka 1954.

Hoja ya kwanza ya kumtetea mwandishi wa namna hii ni nyepesi kuelewa: alikuwapo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, naye alikilalia. Alijua kiu ya nyika, alijua mgonjwa anavyonuka ndani ya hema, alijua hofu ya kupigwa risasi na adui usiyemwona ndani ya kichaka. Hakuna msomi wa maktaba awezaye kuyapata hayo kwa kusoma. Basi, husemwa, amelipa kwa mwili wake, na alicholipia ni chake.

Hoja hii ina nguvu, na asiyeipa heshima hajapata kuugua safarini. Lakini ina tundu. Kuwapo mahali si kuona kila kilichopo. Aliye juu ya mtepe huiona bahari. Aliye chini, akikumba maji yasiuzamishe mtepe, huona ndoo tu. Wote wawili walikuwapo. Na katika jeshi lile la Pangani, kama katika jeshi lile la Fife, wengi wa waliokuwapo hawakuwa na bunduki wala sindano ya dawa. Walikuwa na mizigo.

Sababu yake ni mbung'o. Ng'ombe, farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu katika nchi zenye mdudu huyo. Magari yalikuwa machache na yalikwama matopeni. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Hesabu yake ni rahisi, na inatisha. Mchukuzi abebaye kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku, akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, atakuwa amekula kilo 20 kati ya alizobeba. Yatakayomfikia askari ni kilo 5. Njia ikirefuka kidogo tu, hapabaki kitu. Jemadari aliyetaka unga umfikie alikuwa na mambo mawili ya kufanya: kuongeza wachukuzi au kupunguza chakula chao. Yalifanywa yote mawili. Katika Rhodesia ya Kaskazini reli ilikomea mbali sana kusini. Kutoka hapo hadi mipaka ya Abercorn na Fife njia ilikuwa mitumbwi na mabega, kwa mamia ya kilomita. Katika nchi za kusini ya Songwe watu wale wakaitwa tenga-tenga, na neno hilo likabaki midomoni mwa wazee muda mrefu baada ya vita. Huku pwani neno likawa mtaa: Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Mwingereza, lililolainishwa na ulimi wa Kiswahili.

Makadirio ya wanahistoria juu ya wachukuzi waliokufa upande wa Waingereza peke yao hukaribia watu laki moja, walio wengi kwa kuhara, homa na kichomi, si kwa risasi. Upande wa Wajerumani watu walikamatwa vivyo hivyo, na vyakula vya wenyeji vilinyang'anywa na majeshi yote mawili. Wagogo wanaikumbuka njaa iliyofuata kwa jina la Mtunya.

Sasa turudi kwa daktari na kitabu chake. Wachukuzi wamo. Lakini hupita nyuma ya sentensi kama watu wapitao nyuma ya pazia: kivuli huonekana, uso hauonekani. Kalamu ikisimama kueleza, husimama mbele ya mti, mbele ya mto, mbele ya mgonjwa Mzungu, na mbele ya uchovu wa mwandishi mwenyewe. Wala si kwamba alikuwa mtu katili. Daktari huyu aliwahurumia wagonjwa wake mpaka akaugua pamoja nao. Huruma alikuwa nayo. Kilichokosekana ni kule kujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amebebwa. Dawa yake, hema yake, mkate wake, na yamkini karatasi zake za kuandikia, vilifika vikiwa juu ya kichwa cha mtu. Kwake huo mzigo ulikuwa kanda la usufi.

Hapa ndipo tofauti ya kitabu cha kumbukumbu na riwaya inapopata uzito wa kimaadili. Mwenye kuandika kumbukumbu ana kinga moja ya heshima: aweza kusema, nimeona hiki, na kile sikukiona. Pengo lake ni pengo tu. Mwanariwaya hana kinga hiyo. Riwaya haikubali mapengo, pasipoonekana, hubuni. Na anapobuni, mwandishi hudhihirisha alichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo. Mwaka mmoja baada ya kitabu chake cha safari, Brett Young aliirudia nchi ileile katika The Crescent Moon. Humo mna mmisionari na dada yake, mlowezi wa Kijerumani mwovu, mwindaji mzee mwenye mkono mmoja, na vita vinavyozuka. Waafrika nao wamo, lakini kama giza la jukwaa: ngoma za usiku, mlima wa siri, ibada ya mwezi ya kutisha. Mtu aliyetembea majuma kwa majuma pamoja na maelfu ya Waafrika, alipopewa uhuru wa kubuni, aliwabuni kuwa tishio. Wale waliobeba machela wamekuwa kundi la kumtia hofu binti wa Kizungu.

Hilo ni deni lisilolipwa, na kuwapo kwake vitani hakulifuti, kunalizidisha. Asiyewahi kuwaona watu wale angeweza kusingizia ujinga.

Patakuwa na mtetezi atakayesema kuwa haya ni kumhukumu maiti kwa sheria iliyotungwa baada yake. Mtu alikuwa na miaka 32, anatetemeka kwa homa, hajui lugha, amezungukwa na mauti. Leo anadaiwa kwamba hakuandika majina ya wachukuzi! Tena sanaa haiwezi kuwa daftari la mahudhurio. Shairi likitaja watu wote si shairi tena.

Pingamizi hili ni la haki, na lisijibiwe kwa pupa. Ni kweli kwamba hakuna kalamu itajayo wote. Ni kweli pia kwamba mtu aweza kuandika vizuri juu ya maumivu yake mwenyewe pasipo kumdhulumu yeyote. Lakini lisilo kweli ni kwamba sheria hii ilitungwa baadaye. Ilijulikana wakati uleule, na ilijulikana pale pale mpakani.

Novemba 1914, majuma machache baada ya mapigano ya Karonga, mchungaji mmoja wa Nyasaland, John Chilembwe, aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times. Hakuwa askari wala hakuwapo Karonga. Aliuliza, kwa maneno ya adabu na uchungu, ni kwa nini watu wasio na kauli katika utawala wanaitwa kuufia utawala huo, na nani atakayewatunza wajane na mayatima wao. Akataka matajiri na wenye mashamba waende wao wenyewe vitani. Barua ilizuiwa isisomwe. Januari 1915 aliinua silaha, na Februari akauawa. Itakavyohukumiwa njia aliyoichagua mwishoni ni mjadala mwingine. Lakini barua ile ni ushahidi kuwa mtu aliyeishi mwaka 1914, asiyekuwapo vitani, aliuona uzito wa mzigo wa mwenzake. Haikuhitaji karne moja kupita. Ilihitaji kutazama.

Basi kuwapo si sharti, wala hakutoshi. Je, mtu aliyevaa sare ya jeshi hawezi kuandika kwa haki? Aweza, na mfano uko hapa Afrika ya Mashariki. Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Nyeri wa mwaka 1921, aliingia katika jeshi la Mwingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akapelekwa Uhabeshi. Aliporudi hakuandika kitabu cha kujisifia vita. Mwaka 1946 alitoa kwa Kikuyu hadithi ya mambo ya ndoa, Uhoro wa Ugurani, iliyogusa vijana waliotaka kuoa na mahari iliyowaelemea. Mwaka 1948 akaandika kwa Kiswahili kijitabu Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, kuwahimiza watu waliovunjwa moyo. Akatunga pia nyimbo za harakati. Oktoba 1952 alikamatwa, akakaa kizuizini miaka karibu minane. Huko aliandika shajara kwa siri, akaificha, na ilipochapishwa mwaka 1983 ilipata Tuzo ya Noma ya mwaka uliofuata. Msomaji wa shajara ile hukuta jambo ambalo hakulikuta katika Marching on Tanga: majina. Wafungwa wenzake wana majina, wana makwao, wana tabia zao. Mwandishi anateseka pamoja nao, hateseki mbele yao.

Neno hilo dogo, pamoja, ndiyo tofauti yote. Haidaiwi kwamba mwandishi ataje kila mtu. Inadaiwa kwamba ajihesabu katika hesabu ya waliobebwa, na sentensi zake zionyeshe kuwa anaijua hesabu hiyo. Lau daktari wa Pangani angeandika beti moja tu ambamo mchukuzi wa dawa zake anageuka na kumtazama, diwani nzima ingesomeka kwa namna nyingine. Jicho lile lingetosha.

Lakini haifai wasomaji wa pwani wakamsomea Mwingereza hukumu kisha wakaenda zao wakijisifu. Methali ya kanda la usufi ni yao. Iliwahusu wao kabla ya kumhusu mgeni. Utamaduni wa utenzi wa vita ni fahari ya Kiswahili. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alizitungia utenzi siku za Wadachi walipoitamalaki Mrima. Abdulkarim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi vita vya Maji Maji. Bila wao, habari za watu wetu zingesimuliwa na washindi peke yao. Hata hivyo, msomaji mwadilifu hana budi kuuliza katika tenzi zetu swali lilelile: nani alibeba? Majumbe wana majina, mashujaa wana sifa, farasi na panga hupewa tashbihi. Aliyetwika baruti na mchele aghalabu hupita bila ubeti. Na kabla ya Mzungu kufika, ni pwani hii iliyopokea pembe zilizoteremshwa kwa mabega ya wapagazi kutoka bara, wakiwa huru au wakiwa watumwa. Nyumba za mawe zinazosifiwa kwa milango ya nakshi zilijengwa kwa mali iliyopita juu ya vichwa. Nani aliyeuandikia utenzi utosi wa mpagazi?

Ushairi wa Kiswahili una silaha ya kulipia deni hilo, nayo si lazima iwe mikononi mwa mpiganaji. Shaaban Robert hakuwa askari. Alikuwa karani wa serikali. Alipozaliwa Vibambani, kusini ya Tanga, mwaka 1909, utawala ulikuwa wa Wajerumani. Waingereza walipoutwaa mji wa Tanga tarehe 7 Julai 1916, alikuwa mtoto wa miaka saba. Mtoto huyo alikuwa katika nchi ileile ambayo jeshi la daktari lilikuwa likiisakama. Alipokuwa mtu mzima alitunga utenzi mrefu sana wa vita vya mwaka 1939 hadi 1945, uliochapwa mwaka 1967, baada ya kifo chake. Naye Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliandika riwaya ya Afterlives, iliyotoka mwaka 2020, juu ya askari wa jeshi la Wajerumani na wale waliowasubiri nyumbani. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobeli. Hakuna kati yao aliyepigana vita alivyoviandika. Kila mmoja alikwenda kuutafuta mzigo wa mwenzake na kuujaribu begani. Huo ndio uadilifu wa kubuni: kubuni ili kukaribia, si kubuni ili kutia giza.

Dar es Salaam, katika makutano ya barabara yenye heka heka nyingi, imesimama sanamu ya Askari tangu mwaka 1927. Maneno ya ukumbusho yaliyochongwa hapo yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi mashuhuri wa Uingereza. Yanawataja wachukuzi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kuwa afaye kwa ajili ya nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Ahadi ni nzuri, majina hayapo. Na ile tashbihi ya miguu na mikono, iliyokusudiwa kuwa heshima, inasema zaidi ya alivyotaka mtungaji. Miguu haina jina. Mikono haina ulimi. Ilichukua zaidi ya miaka 100 mpaka Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, katika ripoti yake ya Aprili 2021, ikakiri kuwa waliokufa wakiitumikia himaya ya Uingereza barani Afrika na Mashariki ya Kati, wasiopungua laki moja na elfu kadhaa, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa miongoni mwa sababu. Tume iliomba radhi. Radhi ni mwanzo mwema, lakini haimpi mtu jina lake.

Katika wilaya ya Mbozi, si mbali na Vwawa, kipo kimondo, pande la chuma la tani zipatazo 12 lililoanguka kutoka mbinguni zamani ambazo hakuna aliyezihesabu. Wageni walianza kukiandika mwaka 1930. Hakuna simulizi ya siku kilipoanguka. Kipo tu, na uzito wake hauna ubishi. Mambo ya wachukuzi wa Songwe yanafanana na hayo. Hayakupata mshairi wa wakati wake, lakini uzito wake upo, katika majina ya mitaa, katika neno la tenga-tenga, na katika koo ambazo babu mmoja aliondoka mwaka 1916 na mtwiko wa unga asirudi. Mtunzi wa leo, awe wa Tunduma au wa visiwani, anayekwenda kuketi na wazee na kuuliza jina la babu huyo, anafanya kazi ambayo daktari wa Pangani hakuifanya. Na ana muda mchache, kwa kuwa waliosikia kwa masikio yao kutoka kwa waliobeba wanazidi kupungua.

Haitakuwa haki kufunga kitabu cha Brett Young na kukitupa. Kisomwe. Kina joto la homa ya kweli, na maneno ya mtu aliyeogopa kwa kweli. Lakini kisomwe kama msafiri wa zamani alivyolitazama jahazi likiingia bandarini: kwanza tanga, kisha shehena, na mwisho, kwa utulivu, mwili wa jahazi ulivyozama majini. Kina cha maji ndicho kisemacho uzito uliomo ndani. Asiyekitazama hicho atasema jahazi ni jepesi, na mzigo wa mwenzake ataendelea kuuita usufi.